MAFUNGO MLIMANI MAREKANI, NA DENI NILILORUDI NALO RHAMU

(Hotuba hii ilitolewa na mwalimu mstaafu mbele ya viongozi wa vikundi vya kujisaidia hapa Rhamu. Tumeiandika karibu kama alivyoisema, kwa sababu wengi waliomsikiliza waliomba ichapwe ili wakaisome tena pamoja na wenzao nyumbani. Mwishoni kuna maswali ya kujadiliana katika kikundi. – Mhariri)

 

Nawashukuru kwa kunikumbuka. Wengi wenu niliwafundisha kusoma mkiwa wadogo, na leo naona mna ndevu nyeupe kunishinda. Nilifika Rhamu mwaka 1987, kijana kutoka Meru, sijui neno moja la Kisomali. Niliondoka mapema mwaka 2015, kama walimu wengi wa kutoka bara walivyoondoka baada ya watu kuuawa katika basi karibu na Mandera mwezi wa Novemba 2014. Niliondoka kwa uchungu, na ninyi mnajua nani alinisindikiza hadi uwanja wa ndege. Basi leo nimerudi kama mgeni, na mgeni huulizwa habari za safari.

Mmeniomba niwaeleze habari za Marekani. Hizi habari nimezisimulia mara nyingi hapa Rhamu: habari za ndege, za magorofa, za barabara zenye njia sita. Watoto walizipenda. Lakini kuna sehemu ya safari ile ambayo niliwaeleza watu wachache tu, wale wa kikundi chetu cha pampu. Leo nataka niieleze mbele ya wote, kwa sababu ndiyo yenye faida.

JINSI NILIVYOKUWA MWEKA HAZINA

Wazee mtakumbuka kikundi chetu cha shamba pale ukingoni mwa Daua. Tulikuwa watu ishirini na wawili, wanawake kumi na mmoja, wanaume kumi na mmoja. Tulilima vitunguu, nyanya, ndizi na simsim kidogo. Mto ukijaa tulikuwa tunaukimbia, na ukipungua tunaufuata chini na pampu yetu moja ya dizeli. Pampu ile ndiyo ilikuwa uhai wetu. Kila mmoja alitoa shilingi zake kila mwezi, na fedha zikawekwa ndani ya sanduku la chuma kwa ajili ya dizeli na spea.

Wakanichagua mimi kuwa mweka hazina. Si kwa sababu mimi ni mwerevu sana. Mzee mmoja, Mungu amrehemu, alisema wazi: "Mwalimu hana ukoo hapa. Hatampendelea mtu." Basi sanduku likaja nyumbani kwangu, na ufunguo, na kitabu. Niliandika mimi, nikahesabu mimi, nikafungua mimi. Hakuna aliyeuliza kitu. Mkutanoni nilikuwa nasema, "Fedha zipo," na watu wanasema, "Alhamdulillahi," tunaendelea na mambo mengine.

Mwaka 1993 nikapata bahati. Kulikuwa na Siku ya Vijana Duniani, mkutano mkubwa wa vijana Wakatoliki pamoja na Papa Yohane Paulo wa Pili, katika mji wa Denver, jimbo la Colorado, Marekani, mwezi wa Agosti. Wafadhili walinilipia nauli na chakula. Lakini nguo hawakunilipia. Nilikuwa na viatu vya plastiki na koti lililotoboka kiwiko. Mwaka ule, kama mnavyokumbuka, shilingi ilikuwa imeanguka vibaya na bei ya kila kitu ilipanda. Nikafungua sanduku. Lilikuwa na shilingi 6,350. Nikachukua 2,800. Nikajiambia: hii ni kukopa tu, nikirudi nitalipa kwa mshahara, hakuna atakayejua. Katika kitabu sikuandika chochote.

Ndugu zangu, naomba mwone jinsi jambo hili lilivyokuwa jepesi. Sikuvunja mlango. Sikumdanganya mtu kwa mdomo. Nilinyamaza tu.

NILIYOYAONA DENVER

Denver iko juu, zaidi ya mita 1,600 kutoka usawa wa bahari, na upande wa magharibi unaona ukuta wa milima mikubwa, Rocky Mountains. Vijana walikuja kutoka kila pembe ya dunia. Siku ya mwisho, tarehe 15 Agosti, tulikusanyika katika uwanja mpana wa mbuga nje ya mji, na watu walikadiriwa kuwa nusu milioni au zaidi. Tulitembea kwa miguu kwenda huko, jua kali, na wengi walianguka kwa kukosa maji mwilini. Mimi mtu wa Rhamu nilikuwa na chupa yangu tangu asubuhi. Vijana wa Ulaya walinishangaa nikinywa kidogo kidogo kama ngamia aliye safarini!

Mambo matatu yalinigusa zaidi ya magorofa.

La kwanza ni barabara. Ninyi mnajua basi la kutoka Mandera hadi Nairobi linavyosimamishwa, watu wanateremka na vitambulisho mkononi. Sheria ya hali ya hatari katika mkoa huu ilianza mwishoni mwa mwaka 1963 na haikuondolewa hadi 1991, na hata ilipoondolewa vizuizi vilibaki. Mimi Mmeru nilikuwa nikitazamwa kidogo tu na kupita. Mwenzangu Msomali aliyeketi kando yangu anaulizwa baba yake ni nani na babu yake ni nani. Basi kule Colorado tulisafiri saa nne kwa gari, na hakuna aliyetusimamisha. Nilikuwa nashika pasi mkononi njia nzima nikingojea kizuizi. Dereva akaniuliza kwa nini. Nilipomweleza alinyamaza, kisha akaniambia kwamba Mmarekani mweusi angeweza kunipa hadithi nyingine kuhusu polisi wa nchi yao. Nikajua kwamba hata kule kuna wanaopita na kuna wanaosimamishwa.

La pili ni maji. Niliona mtu akimwagilia nyasi kwa maji safi ya kunywa. Si nyasi za kulisha mbuzi: za kutazama tu! Anazikata, anazitupa, anazimwagilia tena. Nilitaka kucheka, machozi yakanitoka. Mwaka uliotangulia tulikuwa tumetoka kwenye ukame na njaa, na wakimbizi kutoka Somalia walikuwa wamejaa Mandera.

La tatu ni karatasi. Jumapili baada ya misa, kila mtu mlangoni alipewa karatasi ya matangazo. Nikasoma: sadaka ya Jumapili iliyopita ni dola kadhaa, iliyohitajika ni dola kadhaa, iliyopungua ni dola kadhaa. Imechapwa, kila mmoja anaisoma, hata mtoto, hata mgeni kutoka Rhamu. Hakuna aliyeona ni ajabu. Mimi niliikunja karatasi ile haraka nikaitia mfukoni mwa koti. Lile koti. Mfuko ukawa kama una kaa la moto.

KUPANDA MLIMANI

Baada ya Denver tuligawanywa kwa wenyeji. Mimi nilipelekwa kusini, mpaka mji mdogo unaoitwa San Luis. Ndio mji wa zamani kuliko yote katika Colorado. Ulianzishwa mwaka 1851. Uko katika bonde pana na kavu, karibu mita 2,400 kwenda juu, na mashariki yake kuna safu ya milima inayoitwa Sangre de Cristo, maana yake Damu ya Kristo, kwa sababu jua likitua inageuka nyekundu. Kilele kimoja hapo, Culebra, kinapita mita 4,200. Mlima wetu wa Kenya ni mrefu zaidi, nao wenyeji hawakupenda nilipowaambia hivyo.

Bonde lile hupata mvua karibu kama ya Mandera, milimita 250 hivi kwa mwaka au pungufu. Sasa watu wanaishije? Theluji. Wakati wa baridi theluji inarundikana mlimani, na joto likija inayeyuka polepole, maji yanashuka kwenye mito. Mlima ni kama tangi lao.

Na watu wenyewe si wale Wamarekani wa sinema. Wanasema Kihispania. Babu zao walitoka kusini wakati nchi ile ilikuwa ya Meksiko, au kabla tu ya mabadiliko kutulia. Mwaka 1848, baada ya vita, Meksiko ilitoa nchi ile kwa Marekani. Wao husema hawakuvuka mpaka wowote: mpaka ndio uliowavuka wao. Nilipolisikia neno lile niliwaambia: nyumbani kwetu kuna mto, huku Kenya, kule Ethiopia, shangazi yuko ng'ambo moja na mpwa ng'ambo nyingine. Wakanielewa palepale. Tangu hapo sikuwa mgeni tena.

Sasa sikilizeni jambo hili, hasa ninyi wakulima wa Daua. Mashamba yao yanapata maji kwa mifereji iliyochimbwa kwa mikono. Mfereji wa kwanza, Mfereji wa Watu wa San Luis, ulianza mwaka 1852, na katika daftari la serikali la Colorado ndio haki ya maji namba moja katika jimbo lote. Hakuna tajiri wala kampuni iliyo mbele yao. Kila mwaka majira ya baridi yakiisha wanachama wote wanatoka na makoleo, wanausafisha mfereji. Wanamchagua msimamizi mmoja ambaye anagawa zamu za maji. Maji yakiwa mengi, wote wanapata. Yakiwa machache, wote wanapunguziwa.

Mfereji wao wanauita "acequia". Mwenyeji wangu aliniambia neno hili si la Kihispania hasa, ni la Kiarabu: as-saqiya. Waislamu walitawala sehemu za Hispania tangu mwaka 711 hadi 1492, nao ndio waliowafundisha watu kule namna ya kugawana maji kwa zamu. Kisha Wahispania wakavuka bahari na elimu ile. Mnaona? Wakatoliki wa milima ya Marekani wanamwagilia mashamba yao kwa elimu ya Waislamu. Niliporudi na kuwaeleza wazee wa hapa, mmoja aliniambia, "Basi Marekani wametukopa, waambie walipe!" Tulicheka sana.

SIKU TATU ZA KIMYA

Huko ndiko nilikofanya mafungo. Kwa ndugu zangu Waislamu nieleze: mafungo ni kama itikafu. Mtu anajitenga, ananyamaza, anasali, anajihesabu. Wala si jambo la wazungu. Mtume Muhammad alikuwa akijitenga katika pango la Hira, mlimani, karibu na Makka. Nabii Musa alikaa siku arobaini katika mlima wa Sinai. Yesu alipanda mlimani usiku peke yake kusali. Na ninyi wachungaji mnajua zaidi yetu: mtu aliyekaa na ngamia wiki mbili huko malkani bila kusema na mtu, anarudi akiwa na maneno machache, lakini mazito.

Juu ya mji wa San Luis kuna kilima chenye njia ya kupanda, na kando ya njia zimewekwa sanamu za shaba zinazoonyesha mateso ya Yesu, hatua kwa hatua. Alizichonga mwenyeji wa bonde lile, Huberto Maestas, na njia ile ilifunguliwa mwaka 1990. Najua Waislamu hamsadiki hivyo juu ya msalaba, na sikuja kuwabishia. Nawaeleza tu nilichoona. Siku tatu nilipanda na kushuka njia ile, asubuhi na jioni, bila kuongea.

Siku ya kwanza kichwa changu kilikuwa soko. Nilifikiri juu ya shule, juu ya picha nitakazowaonyesha, juu ya kazi: kijana mmoja Denver alikuwa ameniambia naweza kubaki, nioshe vyombo hotelini, nipate kwa wiki moja mshahara wa miezi. Nawaambia ukweli, nililifikiria. Nani angenilaumu?

Siku ya pili nilisimama mahali palipoonyeshwa Simoni wa Kirene akisaidia kubeba msalaba. Kirene ilikuwa Afrika, katika nchi ya Libya ya leo. Mtu wa Afrika, mpita njia, anabeba mzigo wa mwingine. Nikajiuliza: wewe unabeba mzigo wa nani? Na jibu likaja lenyewe: mimi sibebi, mimi ndiye niliyebebwa. Watu ishirini na wawili wamenibeba mpaka hapa. Mmoja anauza maziwa, mmoja anauza kuni, mmoja ni mjane mwenye robo ekari ya vitunguu. Wote wanalipa viatu vyangu, na hawajui.

Hapo ndipo nikaona kwa nini ile kazi ya kuosha vyombo ilinivutia. Haikuwa fedha. Nikibaki Marekani, sitafungua kitabu kile tena.

Usiku ule sikulala. Baridi ilikuwa kali ingawa ni Agosti. Nilichukua ile karatasi ya sadaka mfukoni, na nyuma yake nikaandika: zilizokuwapo 6,350, alizochukua Mwalimu 2,800, zilizobaki 3,550. Mstari mmoja tu. Nimesahihisha madaftari ya wanafunzi maelfu, lakini mstari ule ulinitoa jasho katika baridi.

MLIMA ULIOFUNGWA KWA WAYA

Siku ya mwisho mwenyeji wangu, mzee wa miaka sabini hivi, alinichukua mpaka chini ya mlima. Nikaona waya mrefu na lango lenye kufuli.

Akanieleza. Mwaka 1863 mwenye nchi ile, Carlos Beaubien, aliandika hati kwa Kihispania. Hati ilisema kwamba watu waliokuja kukaa pale watakuwa na haki ya malisho, maji, kuni na mbao za mlimani, ilimradi mmoja asimdhuru mwenzake. Hati ile ikawekwa katika ofisi ya kumbukumbu za wilaya. Karibu miaka mia moja watu walipandisha kondoo na ng'ombe mlimani wakati wa joto, wakakata kuni kwa ajili ya baridi. Kisha mwaka 1960 tajiri mmoja wa mbao kutoka mbali akanunua mlima, ekari 77,000, akauzungushia waya. Watu wakabaki na bonde bila mlima. Wakakosa malisho, wakauza mifugo, vijana wakaondoka kwenda mijini.

Mwaka 1981 wakaenda mahakamani. Nilipofika mimi, 1993, walikuwa wameshindwa na wamekata rufaa. Nikamuuliza mzee, "Mna silaha gani mbele ya mtu tajiri hivi?" Akasema, "Tuna karatasi moja. Babu zetu wengi hawakujua kusoma, lakini walihakikisha imeandikwa na imewekwa."

Nilishika mfuko wangu. Na mimi nilikuwa na karatasi moja.

MKUTANO CHINI YA MWAROBAINI

Nilirudi Rhamu mwezi wa Septemba. Nilidhani nitapata nafasi ya kupanga maneno yangu. Kumbe pampu iliharibika wiki ya pili baada ya mimi kuondoka. Spea ilipatikana Mandera kwa shilingi 5,000. Watu walikuja nyumbani, wakavunja kufuli kwa idhini ya mwenyekiti, wakahesabu: 3,550. Wakarudia kuhesabu. Walitembeza mchango, lakini siku kumi zilikuwa zimepita, nanyi mnajua kitunguu siku kumi bila maji katika jua la hagaa. Yule mama mjane alipoteza robo ekari yake yote.

Tulikutana chini ya mwarobaini. Nilifika nimevaa vile viatu, kwa sababu sikuwa na vingine. Nikatoa ile karatasi, nikaisoma. Kimya kilikuwa kikubwa kuliko cha mlimani.

Kijana mmoja alisema nipelekwe polisi. Mzee mmoja akasema tusiaibishane, yaishe. Yule mama mjane ndiye aliyeinuka. Alisema, na mtafsiri akanitafsiria: "Mwalimu, tulikuchagua kwa sababu huna ukoo. Lakini ulikuwa na ukoo. Ukoo wako ulikuwa wewe mwenyewe."

Sijapata kusikia neno lingine lililonikata hivyo, katika Kanisa wala nje ya Kanisa.

Uamuzi ulikuwa huu: nilipe 2,800 kwa miezi minne, nimlipe mama hasara ya vitunguu vyake, nitoe mbuzi mmoja wa kula wanachama wote, na nivuliwe kazi ya mweka hazina. Nilifanya yote. Kiti kile sikurudishiwa, hata nilipokaa nao miaka mingine zaidi ya ishirini, na haikuwa haki kudai. Lakini walinipa kazi nyingine: nisome kitabu kwa sauti katika kila mkutano, mstari kwa mstari, kwa Kiswahili, na mwingine atafsiri kwa Kisomali, ili hata asiyejua kusoma asikie. Mweka hazina mpya akawa mwanamke. Sanduku likapata kufuli tatu, funguo kwa watu watatu wa koo tatu.

KARATASI ILIYOSHINDA

Mwaka 2002 nilipata barua kutoka San Luis. Mahakama ya juu kabisa ya jimbo la Colorado ilikuwa imeamua kesi ile, inayojulikana kama Lobato na Taylor. Wenyeji wenye mashamba yaliyotokana na makazi ya kwanza walirudishiwa haki ya malisho, kuni na mbao. Hawakupewa haki ya kuwinda wala kuvua samaki, na ardhi bado ni ya mwenyewe aliyeinunua, lakini lango lilifunguliwa. Baadaye ilichukua miaka mingi tena kuwatambua warithi mmoja mmoja. Mzee mwenyeji wangu alikuwa amekwisha fariki. Lakini wajukuu walipewa funguo za lango. Hati ya mwaka 1863 iliwatetea watu ambao hawakuwa wamezaliwa ilipoandikwa.

Ndugu zangu, hii ndiyo Marekani niliyoileta. Watu hunifikiria nitasema Wamarekani ni matajiri, au nitasema ni wapweke. Wako matajiri, na wako wapweke, nimewaona wazee wanaokula peke yao mbele ya televisheni. Lakini kuna Marekani nyingine inayofanana sana na ninyi: ya zamu za maji, ya makoleo, ya watu wanaokutana na kuandika. Hata kuzima moto, katika vijiji vyao vingi wazima moto ni watu wa kujitolea, na desturi hiyo ni ya zamani. Benjamin Franklin na wenzake walianzisha kikundi cha namna hiyo Philadelphia mwaka 1736. Harambee si ya Kenya peke yake.

Sasa nawageukia ninyi. Ardhi ya malisho ya Mandera kwa miaka mingi ilishikwa na serikali za mitaa kwa niaba yenu. Sheria ya Ardhi ya Jamii ya mwaka 2016 inazitaka jamii zenyewe zijiandikishe, ziorodheshe watu wake, zichague kamati. Najua ni kazi ngumu. Najua koo zimewahi kumwaga damu hapa Rhamu, mwaka 2012 na 2013, na mtu akitaja mipaka ya malisho wengine wanashika mioyo. Lakini asiyeandika leo, mjukuu wake ataonyesha nini? Na je, tutaandikaje ardhi ya jamii nzima kwa kweli, ikiwa hatuwezi kuandika fedha za pampu kwa kweli?

Nina ushauri mchache tu.

Kwanza, msimpe mtu mmoja sanduku, ufunguo na kitabu. Hata akiwa sheikh, hata akiwa padre, hata akiwa mwalimu. Si kwa kumshuku. Ni kwa kumhurumia. Mimi nilihitaji mtu wa kunisaidia nisianguke, na hakuwapo.

Pili, kitabu kisomwe kwa sauti, na kwa lugha ya kila mmoja. Neno "Fedha zipo" si hesabu.

Tatu, mara moja kwa mwaka kikundi kijitenge siku moja. Hakuna kuuza, hakuna wageni wa kisiasa. Asubuhi mkae kimya, kila mtu ajihesabu kwa namna ya dini yake. Mchana mfungue kitabu. Mtashangaa kimya kinavyosaidia hesabu.

Nne, mtu akikiri, mwadhibuni, lakini msimfukuze. Mngenifukuza, ningekuwa mwizi mpaka leo. Mliniadhibu, nikawa mtu wenu.

Jana jioni wenzangu wa zamani walinionyesha kitabu cha kikundi. Sasa ni kitabu cha tisa. Cha kwanza wamekihifadhi ndani ya sanduku lile lile. Nilikifungua, na ukurasa wa Septemba 1993 upo: "Mwalimu, 2,800." Chini yake, kwa mkono wa yule mama aliyechukua kazi yangu: "Imelipwa." Niliwauliza kwa nini hawakuung'oa ukurasa ule, kwa heshima ya uzee wangu. Wakasema, "Ukurasa huu ndio unaotulinda."

 Mungu awabariki, na mvua ya Gu ije kwa kiasi.

MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA KIKUNDI

1. Katika kikundi chetu, nani anashika fedha, nani anashika ufunguo, na nani anaandika kitabu? Je, ni mtu mmoja?

2. Kitabu chetu kilisomwa mbele ya wanachama wote mara ya mwisho lini? Wale wasiojua kusoma walielewa?

3. Mwanachama akikosea, katiba yetu inasema nini? Je, inamsaidia kurudi?

4. Ni haki gani za malisho, maji au kuni ambazo tunazitumia bila kuandikwa popote? Tunaweza kuanza wapi?